Moshi Niliouzima Kaisho

Jumamosi napeleka mahari, na sijui nitaingia ukweni kwa uso gani.

Kazini, mtambo wetu wa leza hupima moshi angani kutoka mbali. Juzi ukaonyesha moshi mzito ng'ambo ya kilima, huku Kaisho. Nikamwapia afisa mazingira kwamba kuna mtu anachoma matairi. Tukakatiza migombani, mimi mbele na ndoo yangu kama zimamoto. Nilipoona shimo linafuka, nikamwaga maji yote na kufoka, "Mwenye moshi huu ajitokeze!"

Akajitokeza baba wa mchumba wangu. Kwake nimezoea kuingilia mbele, barabarani, nimevaa shati la pasi; huku nyuma migombani sikupajua.

"Shikamoo, baba."

Aliitazama ndoo.

"Nilikuwa naivisha ndizi kwa moshi," akasema. "Za pombe ya kukupokea Jumamosi."