Usukani Mwepesi kwa Mkono wa Papa

Nilimnyang'anya baba yangu ufunguo wa gari mbele ya jirani, na mpaka leo nikikumbuka naona haya. Jirani alikuwa amesimama kando ya ukuta wake uliobomoka, mama alikuwa anatafuta kiatu kimoja chini ya kiti, na Papa alikuwa bado ameshika usukani kwa mkono wa kuume kana kwamba gari lilikuwa bado linakwenda. Hakuna aliyeumia. Nilipitisha mkono dirishani, nikazima injini, nikachomoa ufunguo na kuutia kwenye mkoba wangu. Sikusema pole. Nilisema, "Papa, inatosha," kwa sauti ileile ninayotumia kazini dereva akirudisha gari likiwa na mkwaruzo.

Kazi yangu ni magari. Katika ofisi ya shirika moja hapa Bukavu, mimi ndiye ninayepanga nani aende wapi na gari gani, na mimi ndiye ninayegomba likichelewa. Nimezoea kuamuru. Wenzangu wananivumilia kwa sababu magari yanafika, na watoto wangu wananivumilia kwa sababu hawana mama mwingine.

Gari la Papa halikuwahi kuwa chini ya amri yangu. Ni la spoti, la kizamani, lililotengenezwa Ulaya, refu mbele na fupi nyuma, rangi ya divai. Alilinunua kwa mwalimu mwenzake mzungu aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, kabla mimi sijaanza shule. Papa alifundisha kemia maisha yake yote na hakujipa anasa nyingine. Barabara ya Uvira ilipokuwa inapitika vizuri, aliliteremsha mpaka Sange, kule uwandani ambako njia imenyooka, akanywa soda moja, akarudi. Mama alipomwuliza huko anafuata nini, alijibu kwamba gari linahitaji kukimbia.

Kisha kiharusi kidogo kikampitia. Kidogo, walisema madaktari. Mdomo ulirudi mahali pake, mguu ukarudi, mkono wa kushoto ukarudi nusu: unashika kikombe, haubebi ndoo. Dereva yeyote ataelewa shida iliyobaki. Usukani wa gari lile uko kushoto na gia iko katikati. Mkono wa kuume ukienda kwenye gia, wa kushoto unabaki peke yake na gari zima. Na usukani wenyewe ulikuwa mzito, hasa tangu matairi yake ya asili yalipokosekana mjini tukalivisha mengine mapana. Siku ile, kwenye kona ya kupanda kwetu Kasha, tunakokaa wote, Papa alishusha gia, mkono wa kushoto ukashindwa, na gari likaenda ukutani.

Tangu hapo mama alikwenda misani kwa pikipiki. Alikaa upande, kitenge kimekazwa, mkono mmoja begani kwa dereva na mwingine kwenye kilemba. Nilimtafutia teksi akaikataa, akasema pikipiki inawahi, na nadhani aliipenda kidogo. Papa alisimama getini kila Jumapili, ndani ya suti yake, akiangalia mpaka pikipiki ipotee. Halafu aliingia ndani na kuvua tai. Miaka zaidi ya arobaini alikuwa amempeleka mkewe kanisani yeye mwenyewe. Aliniambia jambo hilo mara moja tu, bila kuniangalia.

"Miye siombi kwenda mbali, mama," alisema, kwa maana huku kwetu baba humwita binti yake mama. "Niko naomba tu kupeleka mama yako ku misa."

Nilikwenda naye hospitali. Daktari alimpima macho, akili na miguu, akasema vyote viko sawa, kasoro ni nguvu ya mkono. Nilitoka pale nimekasirika, sijui nimkasirikie nani. Kesho yake nikampigia simu fundi mmoja wa Cimpunda niliyemsikia kwa madereva wetu.

Garaji yake ni nafasi ya magari mawili kati ya mshona nguo na muuza makaa, na la pili ni lazima tairi moja likae mtaroni. Ni mtu wa rika langu, mpole, anayezungumza taratibu mpaka unatamani kummalizia sentensi. Aliingia kwenye gari, akaukata usukani kushoto, akaukata kulia, akashuka akisugua bega.

"Maman, mukono ya muzee haiko mubaya sana," alisema, akaugonga usukani. "Hii volan hata miye inanichokesha."

Nilishukuru pale pale, kwa sauti, mpaka akashangaa. Miezi yote ile nilikuwa naishi nikidhani kilichoharibika ni baba yangu.

Shauri lake lilikuwa kuliwekea gari direksioni asiste, yaani usukani unaosaidiwa na mashine, kama ulivyo katika magari ya siku hizi. Angetafuta gari lililopata ajali, atoe pampu ya mafuta ya usukani inayozungushwa na injini, pamoja na ule mtaimbo wenye meno unaosukuma magurudumu, wenyewe wanauita kremayeri. Vyote viwili tulivipata upesi. Tatizo likawa moja. Mji huu unaendesha upande wa kulia, lakini magari mengi yanayoingia yametoka Japani na usukani wao uko kulia. Kremayeri tuliyoipata ilikuwa ya gari la namna hiyo, na shina la usukani lilitokea upande usio wetu.

"Tungoje ya kushoto," fundi alisema. "Itapatikana."

"Lini?"

"Siwezi kudanganya, Maman."

"Si unaigeuza tu juu chini? Shina litakuja kushoto."

Alijikuna sikio. "Acha kwanza nifikirie."

"Fundi, fikiria ukiwa unafunga." Nilisema hivyo, ndiyo. Naye, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kazi na ndiye mwenye kelele, akaigeuza juu chini.

Siku ya kujaribu nilimleta Papa kwa teksi. Alikuwa amevaa kofia yake ya sherehe. Tulimketisha kwenye usukani, injini ikawaka, akagusa usukani kwa kidole cha mkono wa kushoto na usukani ukazunguka. Mshona nguo alipiga makofi. Fundi alikuwa amechuchumaa mbele akiangalia magurudumu.

"Papa, ukate kushoto," aliita.

Papa akakata kushoto. Magurudumu yakageuka kulia.

"Kushoto, Papa."

"Si niko nakata kushoto!"

Papa akaukata usukani kulia, akachungulia nje ya dirisha kuona magurudumu yakigeuka kushoto. Akarudia tena. Kisha akaanza kucheka, kwanza puani, halafu kwa tumbo, mpaka kofia ikaanguka.

"Hii motokari imekuwa sawa mutoto yangu," alisema akinionyesha kwa kidole. "Unamwambia huku, anaenda kule!"

Garaji nzima ilicheka isipokuwa mimi. Nilimfokea fundi. Nilimwambia mambo ya uzembe na ya watu wanaojaribia ufundi juu ya wazee, na yeye alifuta mikono kwa kitambaa akanisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kwamba ni mimi niliyeamuru. Alisema tu kwamba ataifungua.

Usiku huo sikulala vizuri. Ukiligeuza lile dude juu chini, hata meno yake yanasukuma upande mwingine. Mwanafunzi wa Papa wa mwaka wa kwanza angeliona, na fundi alikuwa karibu kuliona kama ningemwachia siku moja ya kufikiria. Asubuhi nilipitia Cimpunda kabla ya kazi na kumwomba radhi mbele ya mshona nguo, kwa kuwa mbele yake ndipo nilipomfokea.

"Haina shida, Maman," alisema. "Muzee alicheka, hata miye nilifurahi."

Sikujua kwamba aliona. Papa hakuwa amecheka tangu alipougua, na mtu niliyemtukana ndiye aliyelihesabu hilo kuwa faida ya siku.

Mara hii nilifunga mdomo. Nilileta chai kwenye chupa, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamwacha afikirie. Alirudisha kremayeri ya asili mahali pake, akaachana na mambo ya pampu. Akapata kwenye gari dogo la Japani lililogongwa nyuma shina la usukani lenye mota ya umeme juu yake. Hilo halijali upande: mota inahisi mkono unaelekea wapi, inausaidia huko huko. Shina lilizidi urefu. Nilidhani atalikata na kulichomelea siku hiyo hiyo, lakini alikataa. Alikwenda kwa mchonga vyuma, akachongewa bomba la kufunika maungio, akapitisha bolti mbili ndani yake, ndipo akachomelea. Umeme wa mji ulikatika akiwa katikati, akangoja mpaka uliporudi, siku ya pili. Nilipomwuliza kama ulazima upo, alisema Papa anabeba mtu ndani. Baadaye akabadilisha dinamo pia, kwa sababu ile ya zamani ilizidiwa taa zikiwaka na usukani ukarudia uzito.

Lilipokamilika, nilitoa ufunguo kwenye mkoba wangu.

"Papa, unisamehe juu ya ile siku."

Aliuchukua kiganjani mwangu. "Ulifanya vizuri," alisema. "Mama yako alikuwa ndani."

Akaendesha mwenyewe mpaka Kasha, mimi kando yake, na kwenye kona ya ukuta wa jirani alishusha gia, mkono wa kushoto ukabaki na gari, gari likapanda. Mkono ulitetemeka kidogo lakini ulitosha. Nililia bila kujificha. Namshukuru Mungu kwa vitu vingi, na kona ile imo.

Jumapili ikafika. Nilitoka nje nimejiandaa kuwaona wakiondoka. Mama akapanda pikipiki. Papa akasimama getini na suti yake, akaingia ndani, akavua tai.

Jumapili iliyofuata ikawa vile vile. Nilimfuata sebuleni. Nilimwambia kwamba watu wamejitesa, kwamba fundi amefanya kazi mara mbili, kwamba mama amezeeka, si wa kurushwa juu ya mashimo. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza yule fundi.

"Bado," alisema.

"Bado nini, Papa?"

"Bado."

Wiki hiyo hiyo mama alipoteza gunia la bunga, yaani unga wa mihogo. Aliwauliza wajukuu, akaniuliza mimi, akaanza kumshuku jirani. Siku ya tatu, nikiwa napiga mswaki uani kabla ya saa kumi na mbili, nilisikia injini ya Papa ikitoka polepole. Nilijifunga kitenge nikaifuata kwa miguu. Haikwenda mbali. Ilikuwa inapanda ile kona, inageuka juu kwenye uwanja wa mpira, inashuka, inapanda tena. Nilisimama kando ya njia mpaka aliponifikia na kusimama. Kwenye kiti cha mama lilikuwepo lile gunia, limefungwa mkanda, na nusu gunia jingine juu ya mapaja yake, kama gunia lina mapaja.

Papa akazima injini.

"Nikikata kona, uzito inavuta," Papa alisema. "Mwenyewe peke yangu si sawa na watu wawili. Nilitaka kujua mukono itafanya nini."

"Ungeniambia, ningekaa miye."

"Weye uko na batoto." Akafunga na kufungua mkono wa kushoto, kama walivyomfundisha hospitali. "Usimwambie mama yako nilipima gunia moja na nusu. Atasema nimezidisha."

Sikumwambia. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba jirani hajaiba kitu, akaniuliza nimejuaje, nikaondoka haraka kwenda kazini.

Jumapili ya tatu Papa alipiga honi getini. Mama alitoka na kitenge kipya cha buluu, akasimama, akamtazama yule wa pikipiki aliyekwisha kufika, akampungia aende zake. Papa alikuwa ameshuka kumfungulia mlango. Gari lile lina viti viwili tu, kwa hiyo nilibaki getini na wanangu, na sijawahi kufurahi hivyo kwa kukosa nafasi. Walikata kona. Nilisikia gia ikishuka, nikasikia injini ikipanda, ikaendelea kwenda.

Waliporudi, mama aliingia uani akijitazama nyuma juu ya bega. Bunga nyeupe ilikuwa imempaka kitenge kutoka kiunoni mpaka magotini, na alikuwa amekwenda nayo hivyo kupokea komunyo, mbele ya parokia nzima.

"Papa wa batoto," alisema, "ni nani alikuwa anakaa ku kiti yangu?"

Papa alikuwa bado ameshika mlango wa gari kwa mkono wa kushoto.

"Hakuna mutu," alisema. "Nilikuwa najifunza kukubeba."

Mama aliingia jikoni. Mchana kutwa alipika, akapokea wageni, akateka maji, na hakukipangusa kile kitenge.