Maji Yanayotoka Kwangu

Juzi nilikuwa kwa ofisi ya chifu karibu na Litein, nikingojea barua, mama mmoja alipoingia na chupa ya maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Nyuma yake alikuja mzee mwenye gambuti, jirani yake wa upande wa juu, aliyeitwa kujibu mashtaka.

Mama aliiweka chupa mezani. "Chifu, mvua ikinyesha, maji ya huyu mzee yanapita jikoni kwangu, halafu yanaingia mtoni. Jana yalizima moto na kubeba sufuria."

"Mvua ni ya Mungu, mama," mzee akasema. "Mimi nilichimba tu mtaro, maji yatoke kwa boma yangu."

Mama hakubishana. Aliitikisa chupa, akammiminia mzee kidogo kiganjani. Mzee akasugua tope kwa kidole gumba, akasugua tena.

"Hii ni mchanga ya shamba yangu," akasema polepole. "Ile ya juu, yenye mbolea."

"Ndiyo hiyo."

Kabla chifu hajafungua faili, mzee alikuwa akiomba Jumamosi wachimbe pamoja mtaro wa kukatiza mteremko, wapande nyasi za napier kandokando, maji yatulie na kuzama.

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Mimi pia nina mtaro, na hujivunia unavyoondoa maji upesi. Kwa mara ya kwanza niliufuata hadi mwisho. Unaishia mlangoni pa choo cha jirani, ambaye kila asubuhi hunisalimia vizuri sana.