Dawa ya Chupa za Chumvi

Devotha Ndunguru hakusomea sayansi. Aliajiriwa kuosha chupa katika maabara moja ndogo mjini Mbinga, lakini kwa kuwa mkono wake ulikuwa mtulivu, alifundishwa kukata vipande vya mmea na kuvipanda ndani ya chupa, kwenye jeli yenye sukari na virutubisho. Mmea wenyewe aliujua tangu utotoni. Ulitoka kwao Lundo, kwenye majabali yaliyo juu ya ziwa, na aliyewaonyesha watafiti ni mama yake, Hildegardi, aliyezoea kuuchemsha kutibu tumbo.

Mwaka huo mtafiti mkuu, Daktari Joakim, alitaka kujua chumvi inaufanyaje mmea huo. Chupa nyingine hazikutiwa kitu, nyingine zilitiwa chumvi kidogo, nyingine nyingi. Mimea ya chumvi nyingi ilikufa. Ya chumvi kidogo ilidumaa, majani yakageuka manjano pembezoni, ila ilishikilia uhai.

"Usiidharau hii mifupi," Joakim alimwambia Devotha majibu ya kwanza yalipotoka. "Imebanwa, sasa inajihami. Kemikali ile inayotuliza tumbo imekuwa mara mbili."

Devotha alimkumbuka mama yake. Tangu masika tumbo lilikuwa linamnyima usingizi, na dawa ya majabalini haikumfaa tena. Mimea iliyokwisha kupimwa ilipaswa kuchemshwa na kutupwa. Yeye aliitoa ile mifupi kwa siri, akaisuuza, akaianika chumbani kwake, kisha akateremka nayo Lundo.

"Hii ina nguvu kuliko yetu, mama."

"Basi na mimi leo ninywe dawa ya wasomi," mama alisema, akacheka.

Usiku huo mama alilala. Alikula ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwani, akamaliza sahani. Kwenye jumuiya ya kanisani aliwasimulia wote kwamba mwanawe amemponya, akaagiza nyingine. Devotha akaituma kwa basi.

Siku moja Joakim aliingia uso umemkunjamana. "Tuna tatizo, Devotha. Kuna kemikali ya pili humu, inaharibu ini. Kwenye mmea wa porini ni chembe tu. Kwenye mimea ya chumvi imepanda kuliko ile tunayoitaka."

Devotha aliweka chini kibanio alichoshikia vipande vya mmea. Alitoka nje, akampigia kaka yake, Antoni.

"Afadhali umepiga," Antoni alisema. "Mama macho yamekuwa manjano. Tulidhani malaria. Ndiyo tunampeleka hospitali."

Devotha alipofika, mama hakumtambua tena. Hakuchukua muda akafariki. Daktari wa hospitali alisema ini lilikuwa limekwisha. Kama ni dawa au ni ugonjwa wa siku nyingi, hakuweza kuapa.

Kwenye matanga, mama mdogo Katarina alimsogelea, akamshika goti. "Mwanangu, ile dawa ya chupa haikubaki hata kidogo? Na mimi tumbo hili linanimaliza. Marehemu aliisifu sana."

Angeweza kusema imekwisha, yakaishia hapo. Lakini aliwatazama akina mama waliokuwa wakisubiri jibu, akaona kila mmoja angekuja kumwomba.

"Msiinywe," alisema. "Ina sumu ya ini. Huenda ndiyo iliyomuua mama. Mimi ndiye niliyeileta."

Antoni, aliyekuwa akipasua kuni, aliacha shoka kwenye gogo.

"Ulimpa bila kumuuliza bosi wako?"

"Nilisikia nusu, kaka."

"Ukamnywesha mama hiyo nusu."

Antoni aliondoka kuelekea ufukweni, na hakurudi mpaka Devotha alipopanda gari.

Mjini alimweleza Joakim yote. Kazi iliishia hapo, kwani kutoa mimea ya majaribio kulikatazwa tangu mwanzo. Siku hizi anachuma kahawa kwenye mashamba ya watu. Antoni hapokei simu zake. Habari za nyumbani anazipata kwa Katarina, ambaye kila akipiga humwuliza kwanza kama amekula.