Boda alinishika kwenye chai, kikao kikafanyika nisikoruhusiwa kuingia

Wakuu, heshima kwenu. Hii si chai ya kutunga, imenikuta mwenyewe. Chai pekee humu ni ile ya shambani.

Nimeolewa Kawetele, hapa Rungwe. Mchana mmoja nilichukua boda Tukuyu mjini kurudi nyumbani. Dereva namjua kwa sura tu.

Kwenye mashamba ya chai akakata kona, akaingia njia ya ndani. Akasimama, eti plagi inasumbua. Nikashuka.

Akanishika matiti, akaanza kunivutia shambani. Nikapiga yowe, wachuma chai wakatokea. Ile plagi mbovu ikawaka hapo hapo, akatimka! Ila namba iliyoandikwa mgongoni kwenye reflekta yake nilishaikariri.

Nyumbani nikasimulia yote na namba nikaitaja, habari zikawafikia kwao. Kesho yake ndugu zake wakaja na jogoo wa kuomba radhi, yaishe kifamilia. Kikao kikakaa sebuleni kwa baba mkwe, yeye ndiye mwamuzi.

Kwa wasiotujua Wanyakyusa: mkamwana haonani na baba mkwe. Hatusemeshani, hatukai chumba kimoja, njiani nikimwona nachepuka.

Kwa hiyo mimi mlalamikaji nilikuwa jikoni namenya ndizi, sebuleni wanaume wanajadili mwili wangu. Mume wangu naye yumo humo. Iliniuma sana.

Mara mama mkwe akaingia jikoni.

"Mwanangu, vaa twende. Baba yenu amewaambia, 'Mwenye kesi mimi siruhusiwi kumsikia, sasa naamuaje? Chukueni jogoo wenu. Aende polisi wakamsikie.'"

Nililia, wakuu. Safari hii kwa furaha.

Tukaenda polisi, Dawati la Jinsia. Kumbe kosa lenyewe linaitwa shambulio la aibu, limo kwenye Kanuni ya Adhabu, na halichagui chombo: boda, bajaji, hata gari la kuita kwa app. Jamaa akakamatwa.

Siku ya kutoa ushahidi baba mkwe alikuja mahakamani. Hakuingia, maana mimi nimo. Alisimama nje kwenye manyunyu, kaupa mlango mgongo, mpaka nikamaliza. Nilimjua kwa koti.

Hukumu bado.

Dada yangu, soma namba ya reflekta kabla hujapanda. Na kikao ambamo huna sauti kikatae. Wanasheria wa humu, nikosoeni nilipokosea, na aliyewahi kukutwa na haya asimulie hapa.

Asante yangu kwa mzee ilibidi ipitie kwa mama mkwe. Hadi leo sura yake siijui vizuri.