Redio Imepoa

Mimi nikishika bisibisi, usiniongeleshe. Hiyo ndiyo tabia yangu, na watu wa kwetu wanaijua vizuri.

Marehemu baba alituachia vitu viwili alivyovipenda kutushinda sisi watoto wake. Cha kwanza ni redio ya mbao, ya valvu za kioo, inayobebwa na watu wawili. Cha pili ni kuku wake wa kishungi, wale wenye manyoya yaliyosimama kichwani. Redio ilibaki sebuleni kwa Mama, huko Molo. Kuku wakaisha polepole hadi akabaki tetea mmoja, na huyo mmoja akabebwa na mwewe akiwa analalia mayai. Mama alinipigia simu akilia. Mayai hayo yasipoanguliwa, alisema, kuku wa Baba ndio basi. Nikamwambia atafute kuku mwingine ayalalie. Akasema hana, lakini ameshayapangia. Sikuuliza ameyapangia nini, maana mambo ya kuku si yangu.

Jumamosi moja nikapata lifti kutoka Nakuru, nikapanda Molo. Mama alikuwa shambani anachimba viazi. Redio ilikuwa imewashwa, inanguruma, na nilipoigusa ilikuwa na joto kama mtoto mwenye homa. Juu yake kulikuwa na kikapu kilichofunikwa kwa sweta. Nikakitoa bila kufunua, nikakiweka kando, nikageuza redio nione mgongo wake.

Wewe unayesoma umeshaelewa. Mimi sikuelewa. Nilikuwa na bisibisi.

Shida ilikuwa kapasita, zile silinda ndogo za kutunza stima ndani ya redio. Zilikuwa zimezeeka, zinavujisha, na valvu ya mwisho ilikuwa inafanyishwa kazi kama punda hadi inachemka. Nikazing'oa, nikaunga mpya zote. Kunguruma kukaisha. Msomaji wa habari akasikika utadhani amekaa kwenye kochi anangoja chai. Na lile joto nalo likapungua kabisa. Nikarudisha kikapu mahali pake, nikampungia Mama mkono kutoka barabarani kwa sababu lifti ilikuwa inaondoka, nikashuka Nakuru nikijisifu njia nzima.

Jioni Mama akapiga simu.

“Redio imepoa,” akasema.

Nikasema asante. Akarudia kwamba imepoa. Mimi ni mtu wa mjini, na mjini kitu kikiwa poa kiko sawa. Nikamwambia asijali, mtoto huzaliwa kwa kazi kama hiyo. Akakata simu.

Asubuhi yake dada yangu, anayeishi karibu na Mama, akanipigia kunifokea. Nilikuwa nimemfanya nini Mama? Hajaenda kanisani, hatoki kitandani, na neno lake ni moja tu, redio imepoa. Hapo nikaogopa kweli. Mama hakosi kanisa hata mvua ya mawe ikinyesha. Nikaamua kwamba sauti ya redio imekufa na moyo wa Mama umekufa nayo. Nikabeba mita yangu ya stima, nikarudi Molo.

Nilimkuta amejifunika blanketi hadi kidevuni. Nikainama nimkumbatie, akanikataza nisimguse hata kidogo. Nikauliza anaumwa wapi. Hakuwa anaumwa popote, alisema, niende nikatengeneze redio. Haya. Nikaiwasha, ikaongea vizuri kuliko mimi. Nikamwambia hiyo inaongea. Akajibu kutoka chumbani kwamba imepoa. Nikaifungua, nikaangalia kama kuna kapasita niliyoiunga kinyume. Hakuna. Nikapima stima kila mahali, iko sawa. Nikachomoa valvu, nikazipangusa, nikazirudisha. Nikaongeza sauti hadi mbwa akatoka nje. Bado akasema imepoa. Nikamlaani kimoyomoyo aliyeniuzia zile kapasita, halafu nikaingia chumbani na hasira zangu na bisibisi yangu. Nikamwambia Mama redio ni nzima, labda tupeleke masikio hospitali.

“Kiziwi ni wewe,” akasema. “Nenda uishike.”

Nikaenda nikaishika. Ilikuwa baridi kama ukuta. Nikasimama pale na kiganja changu juu ya mbao, nikatazama kile kikapu. Kilikuwa kitupu, na sweta haikuwepo. Nikarudi chumbani polepole. Mama akainua blanketi kidogo. Alikuwa ameyakumbatia mayai yote ya Baba tumboni, ndani ya sweta, yamepangwa vizuri.

“Usiku mzima sijageuka,” akasema. “Na nataka kwenda choo.”

Kwa hivyo nikavua viatu nikaingia kitandani. Mama akanikabidhi yai moja moja, ananionya nisipumue kwa nguvu. Alipotoka, hakuwa na haraka ya kurudi. Nilimsikia akiota jua uani na kikombe cha chai. Dada yangu akafika kutoka kanisani, akanikuta mimi, mwanaume mzima mwenye ndevu, nimejikunja chini ya blanketi la mamangu. Akafungua mdomo.

“Usiniongeleshe,” nikamwambia.

Alasiri hiyo nikatengeneza katoni yenye balbu ya joto ndani. Mama aliikubali kwa sharti moja, ikae juu ya redio na redio isizimwe mchana, kwa kuwa mayai yameshazoea kelele. Nikabishana naye kidogo halafu nikaacha, kwa sababu nani alijua zaidi kati yetu?

Vifaranga walitoka. Si wote, lakini walitoka, na kila taarifa ya habari ikianza wanakimbilia spika na kujibanza hapo, maana ndiye mama wanayemjua. Habari zikiisha wanalia. Siku nilipoenda kuwaona, Mama alimshika mmoja mwenye kivimbe cha manyoya kichwani kama kuku wa Baba, akamgeuza huku na huku, machozi yakamtoka. Aliniwekea yule kifaranga kiganjani, akaniuliza kama nahisi ana joto.

Nikamwambia ndiyo, Mama, ana joto.