Vikwembe Juu ya Seva

Mama yangu hakuipenda seva ya hospitali tangu siku ya kwanza. Nilimleta mwenyewe kuiona, nimevaa shati la pasi kama bwana harusi, nikamfungulia kile chumba kidogo kilicho kati ya maabara na stoo. Alisimama mlangoni. Akasikiliza jinsi inavyonguruma, akatazama taa zake za kijani zinazokonyeza bila kupumzika, kisha akaniuliza inazimwa saa ngapi.

"Haizimwi, mama."

"Hata mukienda kulala?"

"Hata tukilala."

"Basi hii inajitangaza," akasema, akageuka akaenda zake.

Niliudhika. Mimi ndiye niliyesimamia kompyuta zote za hospitali hiyo, na kwa miaka nilikuwa nimeomba seva hadi watu wakanichoka. Mfanyabiashara mmoja wa pande za Butembo, mwenye duka la vifaa mjini kwetu Kindu, ndiye aliyeileta kwa ndege. Na sasa mama yangu mzazi anaitazama kama mbwa wa jirani.

Jioni, tukiwa tumezunguka sahani ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, nilimweleza. Mimi nikianza kueleza sinyamazi, wanangu wanajua, huanza kuinuka mmoja mmoja. Nilimwambia kompyuta ya mezani ina mwenyewe. Ina kioo cha kumwonyesha na vibonye vya kumsikiliza. Mwenyewe akienda kula, nayo inalala, akifunga ofisi anaizima, na ikiharibika analia yeye peke yake. Seva haina mwenyewe. Haina hata kioo, maana hakuna anayeketi mbele yake. Iko pale kwa ajili ya kompyuta nyingine zote, ya wodi ya wazazi, ya maabara, ya famasi. Zile zinauliza, yenyewe inajibu, na maswali hayana saa. Ni kama chungu cha matangani: hakiepuliwi, maana hujui nani atafika na njaa yake.

Nilipofika kwenye sehemu ninayoipenda zaidi niliacha kabisa kula. Vya muhimu ndani yake ni viwili viwili. Nyaya mbili za umeme, moja kutoka kwenye betri za jua, nyingine kutoka kwenye jenereta. Diski mbili zinazoandika neno lile lile kwa wakati mmoja. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi, na wagonjwa hawajui kama kulikuwa na msiba.

"Mbili mbili," mama akasema. "Mwenye kuitengeneza alikuwa na akili."

Akaninyang'anya sombe iliyobaki.

Mama nimjuavyo mimi alitengenezwa na vita. Wakati huo nilikuwa kijana, napiga chapa katika ofisi ndogo ya wakulima wa mpunga, na tulikuwa na kompyuta moja tu. Kaka yangu, ambaye nilimwita yaya kwa kuwa alinitangulia kuzaliwa, nasi tulikuwa wawili tu, alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya Kampene. Siku moja wenye silaha walisimamisha lori, wakauliza kati ya waliokuwemo nani anajua kuliendesha. Yaya hakuwa mwongo. Akainua mkono. Wakaondoka na lori, wakaondoka na yeye, na hadi leo hatuna kaburi la kupalilia.

Haikupita muda mrefu bosi wangu akakimbia mji, akaniachia funguo za ofisi na maneno haya: tunza mashine. Nikaichukua ile kompyuta, nikaacha kioo chake kizito, nikabeba sanduku tu ndani ya kitunga hadi kwetu, mtaa wa Mikelenge. Mama hakuniuliza kitu. Alikivuta kitunga hadi karibu na jiko, akakifunika kwa kikwembe chake cha kuvaa, akamwaga juu yake majani ya muhogo, akakalia ukingo na kuanza kuchambua sombe.

Wenye silaha walifika asubuhi. Walikuwa wamesikia kwamba kwenye lupango letu, uani kwetu, kuna mashine. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye mihogo nyuma ya nyumba, udongo mdomoni, nasikia kila neno.

"Mama, muko na mashine hapa?"

"Mashine ya kusaga iko kwa jirani," mama akajibu. "Ile ilishakufaka zamani. Mutanunua sombe?"

Walipiga teke ndoo, wakaenda. Hali ilipotulia niliiwasha ile kompyuta, na kila barua ilikuwa mahali pake. Kompyuta ya mezani ina uvumilivu huo: uizime, uifunike, uizike chini ya majani, itakusubiri. Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hicho kwenye sherehe, jinsi mama alivyookoa kompyuta, na watu walicheka sana kwa ile mashine ya kusaga. Mama hakucheka. Nilidhani amechoka kukisikia.

Watu wa Kindu wa rika letu tuna sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Ukisikia risasi: zima, funika, nyamaza. Huhitaji kufikiri, mikono inajua yenyewe.

Sasa nije kwenye siku yenyewe, ambayo si ya zamani. Binti yangu wa kwanza alijifungua mtoto wa kike asubuhi, katika hospitali yetu. Mama alikuwa amekaa kwenye ushoroba wa wodi ya wazazi, juu ya magoti yake vikwembe vipya vya kumpokelea kitukuu, vimekunjwa vizuri, bado na harufu ya duka. Mtoto alilia vizuri. Lakini binti yangu alianza kutoka damu, na haikukoma. Daktari akaagiza damu haraka.

Lazima nieleze hapa jinsi tulivyofanya kazi. Tangu seva ifike, mfuko wa damu kwenye friji ya maabara uliandikwa namba tu. Kundi la damu, na kama imepimwa ikaonekana haina ugonjwa, vyote vilikuwa ndani ya seva. Dada wa maabara anaandika namba kwenye kompyuta yake, seva inamjibu. Bila jibu hilo, mfuko ni kama chupa isiyo na lebo. Kuupima upya kunawezekana, ila kunataka muda, na daktari alikuwa ameshasema kwa sauti ya chini kwamba muda ndio binti yangu hakuwa nao.

Asubuhi hiyo jenereta iliachiwa chumba cha upasuaji peke yake kwa sababu mafuta yalikuwa machache. Kiyoyozi cha seva hakikuwaka. Seva yenyewe ilikuwa inaishi kwa betri, nami niliuacha mlango wake wazi ili ipate hewa. Kisha nikaenda famasi, ng'ambo ya uwanja, kurekebisha kompyuta.

Risasi zilianza nikiwa chini ya meza. Zilitoka upande wa barabara, karibu sana. Wagonjwa walilala sakafuni, mlinzi akafunga lango, kila mtu akakimbilia ukuta. Siku hizi, kwa habari zinazotoka mashariki, hakuna anayengoja kuuliza ni nani anapiga. Mimi nilibaki chini ya ile meza nikimwomba Mungu kwa ajili ya mwanangu, na naona aibu kusema kwamba miguu ilikuwa imekataa kabisa.

Iliyonyanyua miguu yangu ni sauti ya dada wa maabara. Alikuwa amesimama mlangoni kwake, mfuko wa damu mkononi, anapiga kelele bila kujali risasi.

"Papa! Serveri haijibu! Niko na damu hapa, haijibu!"

Nilivuka uwanja nikikimbia. Nilipofika kwenye chumba cha seva sikuona seva. Niliona rundo la vikwembe vipya, maua mekundu na ya manjano, vimeizunguka mbele na nyuma, pale pote inapovutia hewa na kuitolea. Na juu ya sanduku la vifaa, mgongo wake umeegemea lile rundo, mama ameketi. Mikono yake ilikuwa inachambua majani ambayo hayakuwepo.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Nilitafuta pa kuizimia, sikuona. Lakini imejizima yenyewe. Haisikiki tena."

Nilimkaripia mama yangu. Sikuwa nimewahi kufanya hivyo kabla, na sauti niliyoitoa siijui ilikotoka. Nilivivuta vikwembe vyote nikavitupa sakafuni. Chuma kiliniunguza kiganja. Seva ilikuwa imepata joto hadi ikajifunga ili isiungue, kama ilivyoundwa kufanya. Nilichukua kifuniko cha boksi nikaanza kuipepea kama anayepepea mkaa. Mama akaniangalia kidogo, akaokota kikwembe kimoja, akapepea upande wa pili. Hakuuliza kwa nini.

Nikabonyeza kitufe.

Kompyuta ya mezani ukiiwasha inakufungulia haraka, hata ikiwa nusu mgonjwa. Inakuonyesha picha nzuri na kukuacha ujionee mwenyewe mbele ya safari. Seva haina haraka hiyo. Kabla ya kumhudumia yeyote inajipima yenyewe, kumbukumbu yake, feni zake, diski zake, kimoja baada ya kingine, na haikubali kusukumwa. Sifa hiyo niliwahi kuisifu mbele ya wakubwa wa hospitali. Siku hiyo niliichukia kwa moyo wangu wote. Niliipiga kofi ubavuni. Nje risasi zilikuwa zimepungua, na kwenye ule ukimya nilisikia mtu akikimbia kwenye ushoroba wa wazazi, ndala zikipiga sakafu, na sikuthubutu kujiuliza anakimbilia nini.

"Inafanya nini?" mama akauliza.

"Inajipima."

"Na mutoto wako?"

Taa ya diski ya kwanza ikawaka rangi ya machungwa, na rangi hiyo ni ya kifo. Diski imeungua. Nikaitazama ya pili. Ilikonyeza mara moja, ikatulia, ikakonyeza tena, kisha ikaanza kukimbia kwa kijani. Ng'ambo ya ukuta nyuma yangu nikamsikia dada wa maabara akilia jina la Yesu, akisoma namba kwa sauti, akisema kundi ni lenyewe, ni safi, ni safi. Kisha ndala zake zikaenda mbio.

Damu iliingia. Alasiri binti yangu aliomba chai. Zile risasi tuliambiwa baadaye zilikuwa za askari waliokuwa wanamzika mwenzao, wakaaga kwa kupiga hewani, na mji mzima ulilala chini kwa ajili hiyo.

Nilimkuta mama ushorobani, mtoto mchanga amemlalia kifuani, amefungwa kwenye kikwembe kimoja kati ya vile vile. Kilikuwa kimekunjamana na kina doa la vumbi la seva. Nilikuwa nimekuja kuomba radhi kwa kelele zangu, lakini, kama kawaida yangu, nikaanza kueleza. Nikamwambia seva si kama ile kompyuta ya wakati wa vita, hii ukiifunika unaiua, na hata kama wangekuja wenye silaha, mashine ingechukuliwa tu, tungeagiza nyingine.

"Mi sikufunikaka mashine," mama akasema.

Nikanyamaza.

"Wanaingia, wanaona mashine inawaka, wanauliza nani anaijua. Na wewe utainua mukono. Nakujua. Hata ile siku ya sombe, ungekuwa karibu, ungeinua mukono. Yaya yako njo vile aliinua."

Alimpangusa mtoto jasho kwa ncha ya kikwembe. Kumbe miaka yote ile nilikuwa nasimulia kisa nisichokijua. Nikakumbuka ile taa ya machungwa, nikamwambia kwamba diski moja imekufa lakini nyingine ilibaki, ndiyo maana mjukuu wake yuko hai.

"Nilisikia," mama akasema. "Iko na mbili. Mi pia nilikuwaka na mbili."