Kikohozi cha Muzee wa Murara

Baba yangu alifundisha Agano la Kale katika shule ndogo ya Biblia, mtaa wa Murara. Volkano iliposhuka mjini, moto ulimeza shule pamoja na kabati zima la vitabu. Mimi nililia sana. Yeye, mara tuliporudi kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, tulikokimbilia, alisimama juu ya mawe yaliyokuwa bado yana joto, akawaita wanafunzi wake.

"Bitabu biliungua," akasema. "Kinywa haikuungua. Tunaanza."

Hofu yake ilikuwa moja tu, na hakuificha: kwamba mafundisho yangezikwa pamoja naye. Ndipo akashika desturi ya walimu wa Wayahudi wa kale, ambao aliwapenda kama watu wa ukoo wake. Hao, alituambia, walipokezana mafundisho mdomo kwa mdomo, tangu Musa alipomwekea Yoshua mikono. Hekalu likaungua, makuhani wakabaki bila madhabahu, lakini walimu wakakaa chini na wanafunzi wao, wakarudia na kurudia. Tena hawakutoa fundisho bila kutaja limetoka kwa nani. Basi nasi, kabla ya kufungua somo, tulitakiwa kusema tumelipokea kwa nani. Ukisahau, unaanza upya. Alikuwa msumbufu kweli, na mimi nilimpenda hivyohivyo.

Somo hilo la walimu tulilikariri pia, na kila alipofika kwenye maneno "Hekalu likaungua," alikohoa. Alisingizia moshi. Moshi gani, na mlima umeshatulia? Alikuwa anameza machozi ya shule yake, na sisi sote tulijua.

Kisha vita. Waasi waliingia, wakatoka, wakaingia wengine. Wanafunzi walitawanyika, na baba akafariki bila kujua kama kuna aliyebaki na chochote. Hilo liliniuma kuliko kifo chenyewe.

Miaka baadaye, katika kambi ya waliokimbia vita, Mugunga, nilikuwa napita karibu na hema moja la turubai nikasikia mtoto wa kike anakariri: "Nilipokea kwa mama yangu, yeye kwa mwalimu wake, na ule kwa muzee wa Murara."

Nikasimama kumsikiliza. Aliendelea vizuri, neno kwa neno, mpaka kwenye maneno "Hekalu likaungua." Hapo akakohoa kidogo.

"Uko mugonjwa, mutoto?" nikamuuliza.

Akanishangaa. "Hapana, mama. Kukohoa iko ndani ya somo."